Inkubeta ya nyumbani kwa bajeti ndogo: mwongozo kamili wa kuchagua vifaa visivyoua mayai

Malalamiko ya waliojitengenezea inkubeta, yaani mashine ya kutotolesha mayai, huja kwa sura ileile. "Niliweka mayai sitini, vimetoka vifaranga tisa. Mashine nimeitengeneza mwenyewe, joto lilikuwa 37.5 muda wote." Hapo kinachonishtua si hao tisa, ni hilo neno "muda wote". Ukimuuliza alijuaje kuwa ni 37.5, atakwambia, "Si iliandika kwenye kioo?"

Kioo huandika kile sensa, yaani kichwa cha kupimia joto, inachodhani. Mashine yangu ya kwanza iliandika 37.5 kwa siku zote bila kuyumba, kumbe ndani mna nyuzi 39. Siku ya 19 vilitoka vifaranga vitatu, vyembamba, vitovu vibichi havijafunga. Mayai mengine niliyavunja siku ya 23 moja baada ya jingine. Vifaranga vilikuwa vimekamilika mpaka kucha, midomo imeelekea mfuko wa hewa, vimekufa.

Kwa hiyo hapa sitakufundisha kuchonga boksi. Boksi hata mtoto wa shule analiweza. Tutashughulika na kuchagua vifaa: kipi utoe pesa, kipi uokote, na namna ya kukijaribu kabla hakijagusa yai. Kama bajeti ni ndogo, sehemu yake kubwa iende kwenye kupima na kudhibiti joto. Rangi, kioo kizuri cha mlango na magurudumu vitasubiri.

Mfano wetu ni mashine ya mayai 60 hadi 100 ya kuku, boksi la sentimita 60 kwa 45 kwa 45, yenye feni. Mashine isiyo na feni ina hesabu tofauti za joto, usichanganye.

Vifaa vinavyohitajika

Vya kununua vipya, bila ubishi:
- Temostati (kifaa cha kuwasha na kuzima joto) ya kidijitali inayosoma sehemu ya kumi ya nyuzi, pamoja na ya pili ya akiba
- Kipimajoto cha homa cha kidijitali, kile cha duka la dawa
- Kipima unyevu kidogo cha kidijitali
- Holda mbili hadi nne za balbu, za kauri
- Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, plagi yenye fyuzi, na swichi

Vinavyoweza kuwa vya mtumba, ukivijaribu:
- Feni mbili za kompyuta za volti 12
- Adapta ya volti 12, hata ya king'amuzi kilichokufa
- Friji bovu, au plaiwudi pamoja na maboksi meupe mepesi ya kubebea samaki
- Wavu wa chuma, sahani pana mbili, kopo tupu la maziwa

Vya kuazima: mizani ya jikoni, tochi kali, tesa ya umeme.

Hatua ya 1: Nunua vipimo kwanza, kisha uvipime vyenyewe

Wengi hununua kipimajoto mwisho, kwa chenji iliyobaki. Wewe anza nacho.

Kipimajoto cha homa ndicho kipimo cha bei nafuu kinachoaminika kuliko vyote utakavyovipata mtaani, kwa sababu kimetengenezwa kuwa sahihi hapohapo tunapopahitaji, kati ya nyuzi 35 na 42. Kosa lake la kawaida ni sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Hicho ndicho hakimu wetu. Temostati na vipimajoto vingine vyote vitakuja kushtakiwa mbele yake.

Kipima unyevu nacho kina mtihani wake, na hautaki pesa. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, weka chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo mpaka iwe kama mchanga mbichi, isiwe mchuzi. Weka kifuniko hicho na kipima unyevu ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, funga, acha kwa saa 12 mahali pasipo jua. Hewa iliyofungiwa na chumvi mbichi hutulia kwenye unyevu wa asilimia 75. Hiyo ni sheria ya fizikia, haijali kifaa kimetoka kiwanda gani.

Kikisoma 75, umepata. Kikisoma 69, andika "+6" kwenye kipande cha plasta na ukibandike mgongoni. Kifaa kinachokosea kwa kiasi kilekile kila siku bado kinafaa. Usichokitaka ni kile kinachosoma 69 leo na 80 kesho kwenye chumvi ileile. Hicho kirudishe dukani.

*Ukifanikiwa:* una kipimajoto kimoja unachokiamini na kipima unyevu ambacho kosa lake unalijua kwa namba.

Hatua ya 2: Temostati

Hapa ndipo mashine nyingi hufia.

Zinazopatikana kwa wingi Kariakoo, au Luthuli Avenue ukiwa Nairobi, ni za namna tatu. Kuna kile kibao kidogo kilicho wazi chenye tarakimu nyekundu, W1209, kinachotumia volti 12. Kuna STC-1000, kiboksi cheusi cha kutumbukiza kwenye ukuta wa mashine, chenye toleo la volti 220. Halafu kuna zile za inkubeta hasa, kama XM-18, zinazosimamia joto, unyevu na mota ya kugeuza mayai kwa pamoja. Ukiwa na bajeti ndogo, chukua W1209 mbili au STC-1000 mbili kuliko XM-18 moja. Sababu utaiona mbele kidogo.

Muuzaji atakwambia, "Hii orijino, bosi wangu." Mjibu vizuri, kisha angalia mwenyewe:

Mosi, sensa. Iwe na kichwa cha chuma kilichozibwa, chenye waya mrefu. Ile ndogo nyeusi kama tone la lami haipendi unyevu, na siku tatu za mwisho za kutotoa ndani ya mashine huwa kama bafuni.

Pili, iwashe hapohapo dukani. Shika kichwa cha sensa kwenye kiganja. Namba ipande taratibu, sehemu ya kumi kwa sehemu ya kumi. Ikiruka kutoka 29 hadi 33 halafu ikarudi 31, weka chini.

Tatu, sikiliza mlio wa swichi ya ndani, "tik". Uwe mkavu na mmoja. Ukisikia mtetemo kama wa nyuki, hiyo imechoka kabla ya kazi.

Ukifika nyumbani, ipeleke kwa hakimu. Weka maji ya uvuguvugu kwenye kikombe kikubwa, yawe karibu na nyuzi 38. Zamisha ncha ya kipimajoto cha homa pamoja na sensa, vigusane. Koroga polepole. Kipimajoto kinapolia, soma vyote viwili papo hapo, kwa sababu kipimajoto cha homa hubaki kwenye namba ya juu hata maji yakipoa. Rudia mara tatu.

Tuseme temostati inasoma 38.0 na kipimajoto 37.4. Temostati imezidisha kwa 0.6. Kwenye W1209 shikilia kitufe cha SET mpaka menyu ifunguke, nenda P4, weka -0.6. Kwenye STC-1000 marekebisho hayo yako F4. Rudia kikombe mpaka zikubaliane.

Menyu hiyohiyo ina mitego miwili. P0 ya W1209 hutoka kiwandani ikiwa C, yaani kupoza. Unawasha mashine, balbu haziwaki, unadhani umeuziwa feki. Badilisha iwe H. P1, ambayo ni tofauti kati ya kuzima na kuwasha, huja ikiwa 2.0. Ukiiacha hivyo joto litakuwa linashuka nyuzi mbili nzima kabla balbu hazijawaka tena. Iweke 0.3.

Kwa nini isiwe 0.1, si ndiyo sahihi zaidi? Piga hesabu. Siku 21 ni saa 504. Swichi ikilia kila nusu dakika, hiyo ni milio zaidi ya 60,000 kwa awamu moja, na swichi ndogo za aina hii huhesabiwa maisha ya milio kama 100,000 zikibeba mzigo. Kwa 0.3, kwenye boksi linalohifadhi joto, italia kila dakika mbili au zaidi, na utaitumia kwa awamu nyingi.

Sasa ile temostati ya pili. Swichi inapokufa, mara nyingi hufa ikiwa imegandia kwenye kuwaka. Balbu haizimi. Ndani ya saa moja mashine inapita nyuzi 41, na huko ukuaji wote umekwisha. Kwa hiyo unaunga temostati mbili kwa mfululizo: umeme upite ya kwanza iliyowekwa 37.7, kisha upite ya pili iliyowekwa 38.5. Ya kwanza ikigandia, ya pili inakata. Hii ndiyo bima rahisi kuliko zote, na ndiyo kitu ambacho wajenzi tisa kati ya kumi ninaokutana nao hawana.

Tahadhari: vibao vya wazi vina umeme wa volti 230 chini yake, kwenye maungio ya risasi yanayong'aa. Usikifunge kwenye plaiwudi kikiwa tupu. Kiingize kwenye kiboksi cha plastiki, hata kile cha kuungia nyaya za nyumba, na ukiweke nje ya mashine.

Hatua ya 3: Kinachotoa joto

Boksi la ukubwa wetu likiwa limezibwa vizuri linatosheka na wati 80. Ukiweka wati 200 "ili ipate joto haraka", joto litapiga juu na kushuka kama bembea, kwa sababu balbu ikizimwa bado ina moto wake.

Chagua balbu za kizamani zenye uzi wa waya ndani. Balbu za LED na zile za kuokoa umeme hazifai hapa. Zimebuniwa zisitoe joto, nasi joto ndilo tunalolitaka. Zile za kizamani zinaadimika, kwa hiyo ukizipata nunua kwa jozi.

Nunua mbili za wati 40, usinunue moja ya 100. Moja ikiungua usiku, nyingine itashikilia mpaka asubuhi.

Na zitaungua. Balbu ya aina hiyo huhesabiwa maisha ya kama saa 1,000. Awamu moja ni saa 504, ingawa haziwaki muda wote. Mimi hubadilisha kila baada ya awamu mbili, hata kama bado zinawaka. Zilizotoka huhamia chooni.

Mafundi wa zamani wana ujanja wao: wanaunga balbu mbili za wati 100 kwa mfululizo, kila moja ikipata nusu ya umeme. Kwa pamoja hutoa wati 60 na kidogo, zinawaka wekundu hafifu, na hudumu mno. Ubaya wake ni kwamba moja ikikatika na ya pili inazimika. Ukitaka njia hiyo, weka jozi mbili, kila jozi na njia yake.

Ukiweza kupata balbu za joto za kauri, zile nyeupe zisizotoa mwanga, ni bora zaidi na hudumu. Lakini zinapata moto mkali, usizifunge kwenye holda ya plastiki kamwe. Kwa kweli usifunge balbu yoyote ya mashine hii kwenye holda ya plastiki. Nimeiona moja ikiwa imeyeyuka na kulainika kama ubani mdomoni, balbu inaning'inia kwa nyaya mbili juu ya mayai.

Kopo la maziwa litoboe pembeni kwa msumari, livike balbu bila kuigusa. Linazuia mwanga na moto wa moja kwa moja kwa mayai ya karibu.

*Ukifanikiwa:* mashine ikishatulia, balbu ziwake kati ya theluthi na nusu ya muda. Zikiwaka muda wote, boksi linavuja au wati hazitoshi. Zikiwaka sekunde kumi tu na kuzima kwa dakika tano, umezidisha.

Hatua ya 4: Feni na adapta

Feni ya kompyuta ya volti 12, upana wa milimita 80 au 120, ya mtumba inafaa sana. Mafundi kompyuta wanazo kwenye ndoo.

Izungushe kwa kidole. Iendelee kuzunguka yenyewe kwa muda, kimya, kisha isimame taratibu. Ikisimama ghafla, au ukisikia mkwaruzo, bushi imekwisha. Shika kitovu chake kisukume pembeni: kikicheza, iache. Ukifika nyumbani iwashe ilale ikizunguka usiku kucha, uiguse asubuhi. Uvuguvugu ni sawa. Ikiwa ya moto, hapana.

Weka feni mbili. Feni haiunganishwi na temostati. Inazunguka saa zote, balbu ziwake zisiwake. Ikisimama, joto hupanda juu na mayai ya chini hubaki baridi, huku temostati yako ikisoma pale ilipo tu na kukwambia mambo mazuri. Na isipulize mayai moja kwa moja. Ielekeze ukutani au kwenye balbu, hewa izunguke.

Adapta: soma mgongoni. Tafuta "12V DC" na "1A" au zaidi. Feni mbili na kibao cha W1209 kwa pamoja hazifiki ampea moja kwa kawaida, lakini soma kibandiko cha feni uhakikishe: mara nyingi ni 0.15 hadi 0.25. Adapta za ving'amuzi na ruta za intaneti hutengenezwa kuwaka mwaka mzima, ndiyo maana nazipenda kuliko zile mpya nyepesi kama kiberiti kitupu.

Hatua ya 5: Waya

Kwaruza ncha ya waya kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ikiwa nyekundu juu na nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa, na huwa inapata moto kwenye maungio na kuvunjika ukiikunja mara chache. Muuzaji mkweli hatakukataza kukwaruza. Akikataa umepata jibu.

Maungio yote yawe nje ya mashine, kwenye kiboksi. Ndani zipite nyaya nzima tu. Unyevu wa asilimia 70 na ungio lililofungwa kwa mkanda mweusi havikai pamoja. Kama hujawahi kuunga umeme wa nyumba, mlipe fundi umeme kwa nusu saa. Hapo si pa kubana matumizi.

Hatua ya 6: Boksi

Friji bovu ndilo boksi bora kuliko yote, na watu hulipita kwenye mabanda ya vyuma chakavu wakienda kununua plaiwudi. Lina kinga ya joto ukutani, mlango unaobana, na reli za trei. Hakikisha mpira wa mlango haujapasuka: funga mlango ukibana karatasi, kisha ivute. Ikitoka kwa shida, mpira ni mzima. Kama kompresa na mabomba bado yapo, mwachie fundi friji aitoe gesi. Usikate mwenyewe.

Ukitumia plaiwudi, ziba ndani kwa vipande vya yale maboksi meupe ya samaki. Yaoshe kwa sabuni na uyaanike mpaka harufu iishe.

Toboa matundu sita ya upana wa kidole: matatu chini upande mmoja, matatu juu upande wa pili. Yai linapumua. Wapo wanaoziba kila tundu ili kubana joto, kisha siku ya 20 vifaranga vinakosa hewa vikiwa vimeshadonoa ganda.

Hatua ya 7: Maji, trei na kugeuza

Unyevu hutokana na upana wa maji, hautokani na kina chake. Sahani pana yenye maji kidogo inashinda ndoo iliyojaa. Lenga asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, kisha 65 hadi 70. Ndiyo maana nimesema sahani mbili: ya pili inaingia siku hiyo.

Trei iwe ya wavu. Siku za kutotoa tandika kitu chenye kukwaruza, kama gunia safi. Gazeti linateleza, na kifaranga kinachoteleza siku ya kwanza miguu yake hupanuka kama ya chura.

Mota ya kugeuza, kwa mashine ya kwanza, iache. Andika X upande mmoja wa yai na O upande wa pili kwa penseli, geuza kwa mkono mara tatu au tano kwa siku, na ukome siku ya 18. Hesabu iwe witiri, yaani isiyogawanyika kwa mbili, ili upande uliolala usiku wa jana usilale tena usiku wa leo. Pesa ya mota iwe temostati ya pili.

Hatua ya 8: Umeme ukikatika

Amua kabla ya kununua balbu. Ukikaa mahali umeme unakatika kwa saa moja au mbili, boksi zuri na chupa nne za maji ya moto zilizofungwa kwa khanga zinatosha. Kupoa kwa muda mfupi kiinitete hukuvumilia zaidi kuliko kuzidi joto.

Ukikatika usiku kucha, unahitaji betri, na hapo ni bora hita nayo iwe ya volti 12. Hesabu iko hivi: ikiwa hita yako kwa wastani inakula wati 40, hiyo ni ampea 3.3. Betri ya 100Ah, yaani ampea-saa 100, usiimalize, tumia nusu yake, yaani 50. Gawa kwa 3.3, unapata saa 15. Betri ya gari iliyochoka haitakupa hata theluthi ya hapo, kwa hiyo usiipigie hesabu hii.

Hatua ya 9: Saa 48 bila yai

Hakuna anayeipenda hatua hii. Mayai yako ndani ya trei mezani, mikono inawasha.

Jaza chupa ndogo za maji, zipange kwenye trei mahali pa mayai. Maji hushika joto kama yai linavyoshika, boksi tupu litakudanganya. Washa. Saa sita za kwanza usiandike kitu. Baada ya hapo andika kila unapopita: saa, joto, unyevu, na kama balbu zinawaka.

Kisha hamisha sensa ya temostati ya pili kwenye kona nne na katikati, nusu saa kila mahali. Hapa ndipo utagundua kwamba kona ya nyuma kushoto ni 36.8 wakati katikati ni 37.6. Usipandishe joto. Geuza feni.

*Ukifanikiwa:* usiku na mchana joto limebaki kati ya 37.4 na 37.8, na kona haipishani na katikati kwa zaidi ya 0.4. Usipofikia hapo, usiweke mayai, hata kama jirani ameshakuletea.

Kabla ya kumaliza jaribu ile bima: weka ya kwanza 39 kwa makusudi, ukae hapo uone kama ya pili inakata kwenye 38.5. Kisha rudisha.

Hatua ya 10: Mayai 12, si 60

Chukua mayai ya kienyeji yenye jogoo bandani, yasiyozidi siku saba, hayajaoshwa, hayana ufa. Mayai ya trei ya dukani ya kuku wa mayai hayana mbegu. Nimepigiwa simu zaidi ya mara moja na mtu aliyeyaweka hayo na kulaumu balbu.

Pima uzito wa mayai yote pamoja siku ya kwanza, uandike. Siku ya 7 mulika kwa tochi gizani: mishipa myekundu kama mizizi ya mchicha ni uhai, yai jeupe tupu litoe. Siku ya 18 pima tena, ukilinganisha mayai yaleyale. Yai la gramu 60 liwe limepungua kama gramu 7, yaani asilimia 12 hivi. Likipungua gramu 4, unyevu ulizidi. Likipungua 10, ulipungua. Mizani ya jikoni hapo inakuwa shahidi wa kipima unyevu chako kwa siku 18 zote.

Kusoma matokeo kama fundi

Vifaranga vimewahi siku ya 19, vidogo, vitovu vibichi: joto lilizidi. Rudi kwenye kikombe cha maji na hakimu.

Vimechelewa hadi siku ya 22 au 23, matumbo makubwa na laini, vimelegea: joto lilikuwa chini. Angalia P4 na feni.

Vimetoboa ganda kisha vikafa vimegandia kwenye utando mkavu: unyevu wa mwisho haukutosha, au ulifungua mlango kuchungulia. Mara nyingi ni mlango.

Upande mmoja wa trei umetoa vyote na mwingine hakuna: feni. Usitafute mchawi.

Mayai mengi meupe siku ya 7: mashine haina kosa, nenda kamtazame jogoo. Mmoja kwa majike nane hadi kumi anatosha akiwa na nguvu.

Ukipata vifaranga 8 kwa kila mayai 10 yenye mbegu, weka sitini awamu ijayo.

Kopo la akiba

Chukua kopo jingine la maziwa, tia balbu mbili, feni moja uliyoilaza ikizunguka, fyuzi, bisibisi ndogo, na sensa ya ziada yenye plagi ileile ya temostati yako. Lining'inize kwa kamba pembeni ya mashine. Maduka ya spea hufungwa jioni, na balbu yangu ya mwisho kuungua ilichagua saa nane usiku, siku ya 17.